Faili la mama: nyaraka ambazo wakili Robert Lincoln hakuzichoma

Robert Todd Lincoln alifariki mwaka 1926 katika nyumba yake ya Hildene, Manchester, jimbo la Vermont. Karibu miaka 50 baadaye, mwaka 1975, mjukuu wake alifungua kabati la nyumba hiyo na kukuta makumi ya vitabu vya nakala za barua. Kando ya vitabu hivyo palikuwa na faili lililotengwa peke yake. Lilihusu kesi ya mwaka 1875, pale Robert, akiwa wakili wa Chicago, alipompeleka mama yake mzazi mahakamani ili atangazwe kuwa hana akili timamu. Mama huyo alikuwa Mary Lincoln, mjane wa Rais Abraham Lincoln.

Kwa miaka mingi Robert alisemwa kuwa mchoma karatasi. Ilidaiwa kwamba aliziteketeza barua za baba yake kwenye moto wa sebuleni ili kuificha aibu ya watu wakubwa. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu nyaraka zenyewe zinaonyesha mtu mwingine kabisa: mtu aliyetunza hata karatasi zinazoweza kumshtaki. Ila alizitunza kama wakili anavyotunza jalada la mteja wake, na mteja katika jalada hili alikuwa yeye mwenyewe. Asiyelikumbuka hilo atapotoshwa na faili hili, hata kama kila karatasi iliyomo ni ya kweli.

Baba na mtoto, mawakili wawili

Abraham Lincoln alifanya kazi ya uwakili Illinois kwa karibu robo karne kabla ya kuwa Rais. Hakuwa mtu wa mafaili. Barua na kumbukumbu za kesi alizitia ndani ya kofia yake ndefu, akaivaa, akaondoka. Mshirika wake wa ofisi, William Herndon, alisimulia kwamba kulikuwa na bunda la karatasi ambalo Lincoln aliliandika kwa mkono wake kwamba kitu kikikosekana kila mahali, kitafutwe humo.

Robert hakurithi tabia hiyo. Alizaliwa Springfield mwaka 1843, akahitimu Harvard mwaka 1864, akaingia uwakili Chicago mwaka 1867, na miaka michache baadaye akashirikiana na Edward Isham. Wateja wake walikuwa kampuni na matajiri, na baadaye akawa rais wa kampuni ya mabehewa ya Pullman. Kila barua aliyoituma aliibakizia nakala. Njia ya wakati ule ilikuwa kuandika kwa wino maalumu, kuilaza barua juu ya ukurasa mwembamba uliolowekwa kidogo ndani ya kitabu, kisha kuvibana vyote kwa mashine ya chuma mpaka maandishi yahamie. Vitabu vya kabati la Hildene vilitengenezwa hivyo. Kwa asili yake, kitabu cha aina hii kinahifadhi sauti ya mwandishi tu. Anayejibiwa hasikiki humo.

Kati ya mawakili hawa wawili familia ilipukutika. Eddie alikufa mwaka 1850 akiwa mtoto mdogo. Willie alifia Ikulu Februari 1862. Rais mwenyewe alipigwa risasi mkewe akiwa ameketi pembeni yake, akafariki tarehe 15 Aprili 1865. Tad, kitinda mimba, aliyekuwa akiishi na mama yake na kusafiri naye Ulaya, alifariki Chicago Julai 1871 akiwa na miaka 18. Mary akabaki na mtoto mmoja, naye ameoa, ana shughuli zake, na mkewe hapatani na mkwewe.

Siku moja ya Mei

Machi 1875 Mary alikuwa Florida alipoingiwa na imani kwamba Robert yu mgonjwa mahututi. Alipeleka simu za maandishi Chicago, kisha akapanda treni kumfuata. Alimkuta mzima. Akapanga katika hoteli ya Grand Pacific, na mambo yakaharibika. Alisema kuna mtu alitaka kumpa sumu njiani. Alinunua mapazia na saa za thamani ilhali hana nyumba ya kutundika pazia. Alitembea na hati fungani za maelfu ya dola zilizoshonewa ndani ya nguo zake. Robert aliajiri wapelelezi wa Pinkerton wamfuate, akiogopa kwamba ataibiwa au atadhuriwa.

Hapo tuiangalie sheria, kwa sababu wengi humlaumu Robert kwa kumwanika mama yake hadharani bila kujua kwamba hakuwa na njia ya faragha. Mwaka 1860 mwanamke wa Illinois aitwaye Elizabeth Packard alipelekwa na mumewe, mchungaji, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Jacksonville. Kosa lake kubwa lilikuwa kutofautiana naye katika mafundisho ya dini. Sheria ya wakati ule ilimruhusu mume kumfungia mke kwa neno lake tu. Alikaa humo miaka mitatu. Mwaka 1864 juri, yaani jopo la raia wanaoamua kesi, ilimwona kuwa timamu katika dakika chache, naye akageuka mpiganaji. Kwa juhudi zake Illinois ilipitisha sheria mwaka 1867 kwamba hakuna mtu atakayefungiwa kwa ugonjwa wa akili bila kusikilizwa mbele ya juri. Kwa hiyo Robert alilazimika kwenda mahakamani, na mahakama ilikuwa wazi kwa magazeti.

Lakini sheria inaweza kufuatwa herufi kwa herufi huku roho yake ikiachwa nje mlangoni. Nyaraka zinaonyesha jinsi hilo lilivyotokea tarehe 19 Mei 1875.

Robert alikuwa amekwisha kushauriana na Jaji David Davis wa Mahakama Kuu ya Marekani, aliyesimamia mirathi ya baba yake. Alishauriana pia na John Todd Stuart, binamu ya mama yake na mshirika wa kwanza wa Lincoln katika uwakili. Madaktari waliitwa wakatoa maoni yao, baadhi yao wakitegemea maelezo waliyopewa bila kumpima mgonjwa. Siku ya kesi, Leonard Swett, wakili na rafiki wa zamani wa Lincoln, alikwenda hotelini na maofisa kumchukua Mary. Hakuwa amepewa taarifa. Saa chache baadaye alikuwa ameketi mbele ya juri ya wanaume 12 katika mahakama ya kaunti ya Cook.

Wakili wa kumtetea alikuwa Isaac Arnold, naye pia rafiki wa familia, na aliyemtafuta ni upande ule ule uliokuwa ukishtaki. Arnold alisita, akaona hafai kumtetea mtu ambaye yeye mwenyewe anaamini ni mgonjwa. Swett ndiye aliyemwandikia Davis siku chache baadaye akieleza alivyomjibu: kwamba akijitoa, Mary atapata wazo la kutafuta wakili mkorofi atakayewasumbua, kwa hiyo aende akamtetee na kutimiza wajibu wake. Arnold akaenda. Hakuita shahidi hata mmoja. Waswahili husema kesi ya nyani usimpelekee ngedere, na hapa ngedere ndiye aliyechagua hata wakili.

Mashahidi zaidi ya 15 walizungumza: madaktari, wafanyakazi wa hoteli, wenye maduka. Daktari Willis Danforth, aliyewahi kumtibu, alieleza alivyomsikia akisimulia mambo ya kutisha yanayofanywa na roho kichwani mwake. Robert alipanda kizimbani na kusema hana shaka kwamba mama yake ni mgonjwa wa akili. Shauri lilichukua saa tatu hivi, na juri haikukawia: hana akili timamu, apelekwe hospitalini. Kesho yake alipelekwa Bellevue Place, hospitali binafsi ya Daktari Richard Patterson huko Batavia, na mwezi uliofuata Robert akateuliwa kuwa mlezi wa mali yake.

Je, Mary alikuwa mgonjwa? Siamini kwamba mtu wa leo anaweza kumpima kwa karatasi. Kwamba alikuwa katika dhiki kubwa, ushahidi unatosha. Kwamba alipata utetezi, ushahidi unakataa. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na wanaoandika juu ya kisa hiki kwa hasira, upande wowote, husahau mojawapo.

Mwanamke aliyenyimwa leseni

Mary hakukaa kimya Batavia. Alifanikiwa kupeleka barua nje kwa marafiki zake, na wawili walioitika walikuwa Myra Bradwell na mumewe James, jaji wa zamani wa kaunti. Myra alikuwa ameanzisha mwaka 1868 gazeti la sheria lililosomwa na mawakili wa Chicago yote, na alikuwa amefaulu mtihani wa uwakili, lakini Illinois ilimnyima leseni kwa kuwa ni mwanamke. Alikata rufaa mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, akashindwa mwaka 1873. Jaji mkuu peke yake ndiye aliyepinga. David Davis alikuwa miongoni mwa waliokubali anyimwe.

Kwa hiyo kiangazi kile, mshauri wa Robert alikuwa jaji aliyeshiriki kumfungia Myra mlango wa mahakama, na msaidizi wa Mary alikuwa Myra mwenyewe. Asiyeweza kusimama mbele ya hakimu alitumia alichonacho. Alimtembelea Mary, akaandika, akampeleka mwandishi wa gazeti hospitalini, na Agosti Chicago ikasoma kwamba mgonjwa huyo anazungumza kama mtu mwenye akili zake. Daktari Patterson alikasirika. Robert alikasirika zaidi, akimwona Myra kama mtu wa nje anayechochea moto wa nyumba isiyo yake.

Tarehe 11 Septemba 1875 Mary alitolewa na kupelekwa Springfield kwa dada yake, Elizabeth Edwards. Tarehe 15 Juni 1876 mahakama ya Chicago ilimtangaza kuwa amerejewa na akili na anaweza kusimamia mali yake. Siku nne baadaye alimwandikia Robert barua ambayo ni vigumu kuisoma bila kuumia. Aliianza kwa jina lake kamili, kama anayeandika kwa mdaiwa, akadai picha, vitabu, vito na vyombo vyote alivyowahi kumpa yeye na mkewe, na akamwambia kwamba mchezo wake wa wizi umedumu vya kutosha. Kisha akaenda Pau, Ufaransa, akaishi huko miaka minne. Walionana tena Mei 1881, Robert alipofika Springfield na binti yake mkubwa. Alikuwa Waziri wa Vita wakati huo. Mary alifariki tarehe 16 Julai 1882.

Uvumi wa moto

Karatasi za baba zilipita njia tofauti. Baada ya mauaji ya 1865, Robert alimwomba Jaji Davis azichukue. Makatibu wa Rais, John Nicolay na John Hay, walizifungasha zikapelekwa Bloomington, Illinois. Mwaka 1874 zilirudi Washington ili Nicolay na Hay waandike wasifu wa Lincoln, ambao ulitoka mwaka 1890 katika juzuu 10. Robert aliisoma miswada kabla haijachapwa na kuomba baadhi ya mambo yaondolewe, hasa yaliyomgusa babu yake Thomas. Hay alipofariki mwaka 1905, zikamrudia Robert.

Kwa nini alizibana? Herndon ndiye sababu kubwa. Mwaka 1866 alitoa mhadhara Springfield akidai kwamba Lincoln hakuwahi kumpenda mwanamke mwingine kama alivyompenda Ann Rutledge wa New Salem. Mary alikuwa hai, mjane wa mwaka mmoja na nusu. Robert hakusahau. Tangu hapo kila aliyebisha mlango akiomba kuziona karatasi za baba yake alionekana kama Herndon mwingine.

Mwaka 1919 alizipeleka Maktaba ya Bunge huko Washington, na Januari 1923 akasaini hati ya kuzitoa rasmi, kwa sharti kwamba zisifunguliwe mpaka ipite miaka 21 tangu kifo chake. Uvumi ukazaliwa humo. Nicholas Murray Butler, rais wa Chuo Kikuu cha Columbia, alisimulia kwamba mwaka 1923 alifika Hildene akamkuta Robert anataka kuliteketeza sanduku la karatasi za baba yake, naye ndiye aliyemshawishi asifanye hivyo. Ni simulizi tamu, na imerudiwa mara nyingi. Lakini weka tarehe kando ya tarehe: karatasi zilikuwa Washington tangu 1919. Butler anaweza kuwa aliona karatasi nyingine. Hawezi kuwa ndiye aliyeuokoa mkusanyiko huo.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Julai 1947 wanahistoria walikusanyika Maktaba ya Bunge, na mara ilipopita saa sita wakaanza kufungua. Palikuwa na nyaraka zipatazo 18,000. Wapo waliotarajia kupata barua ya kumfichua msaliti ndani ya baraza la mawaziri. Haikuwepo. Sehemu kubwa ilikuwa barua walizomwandikia Lincoln watu wengine: waomba kazi, majenerali, wanasiasa, akina mama wa askari. Zinamfaa sana mtafiti mvumilivu. Aliyekuja kutafuta kashfa alirudi mikono mitupu.

Kulisoma faili

Turudi kabatini Hildene. Robert alikuwa na miaka 51 ya kuliharibu faili la mama yake, kutoka kesi hadi kifo chake. Alikuwa na moto, faragha, na sababu. Badala yake alizitenga karatasi hizo na kuzifunga pamoja. Ndani yake mna barua za jamaa, madaktari na washauri wake wa sheria. Januari 1876 Ninian Edwards, mume wa Elizabeth, dada wa mama yake, alimwandikia kwamba Mary anatembea na bastola mfukoni na ametishia kumuua yeye Robert. Barua za Elizabeth zimo pia, za dada anayevutwa huku na huku, mara akimwombea mdogo wake uhuru, mara akilalamika juu ya tabia zake.

Nionavyo, huu ni utetezi ulioandaliwa kwa ajili ya mahakama isiyojulikana itakaa lini. Wakili mzoefu hujua kwamba lawama huja baada ya mashahidi kufa, na kwamba ushahidi wa maandishi ndio utakaosema kwa niaba yake. Kila barua inayomwonyesha Mary akiwa hatari inamtetea mwanawe. Barua ya bastola ikikosekana, hofu ya Robert inaonekana kama tamaa ya mali. Ikiwepo, inaeleweka.

Ndiyo maana uamuzi wa waandishi wa miaka ya 1980, waliosoma faili hili kwa mara ya kwanza na kumwondolea Robert lawama ya njama, naukubali nusu. Nyaraka zinaonyesha kwamba hakula mali ya mama yake, na zinaonyesha mtu aliyesumbuka. Hazionyeshi kwamba kesi iliendeshwa kwa haki, kwa sababu aliyeziweka pamoja hakuliona hilo kuwa swali. Kwa swali hilo inabidi utoke nje ya faili, usome barua ya Swett kwa Davis, ambayo Robert hakuwa na mamlaka ya kuichagua wala kuiacha.

Barua za mwenye shauri

Swali linalobaki ni nani aliyetunza maneno ya Mary kutoka Batavia. Alikuwa Myra Bradwell. Barua hizo zilibaki katika familia ya Myra mpaka mjukuu wake alipoandika kitabu kutokana nazo. Mwaka 1928, Robert akiwa amefariki, mjane wake, Mary Harlan Lincoln, alizinunua barua na mswada kwa dola 22,500, na barua za asili zikaharibiwa. Kwa hiyo moto ulikuwepo kweli katika familia hii, ila ulikula barua za mama, na aliyeuwasha hakuwa yule aliyesingiziwa.

Hata hivyo wakili wa familia, Frederic Towers, alikuwa amebakiza nakala. Mwaka 2005 mwandishi wa historia Jason Emerson alizikuta katika sanduku la zamani lililobaki kwa watoto wa wakili huyo, pamoja na mswada ambao haukuwahi kuchapwa. Zipo barua 25 hivi, za miaka ya 1872 hadi 1878, nyingi zimeandikwa na Mary mwenyewe. Humo anapanga safari, anaomba vitu vyake, anashukuru, analalamika, anamtaja mwanawe kwa uchungu. Barua nyingine zimetulia kabisa. Nyingine zinakimbia bila nukta kutoka wazo moja hadi jingine.

Leo vitabu vya nakala vya Robert viko Springfield, katika maktaba ya Rais Lincoln, na karatasi za baba yake zinasomeka na yeyote mwenye intaneti kupitia Maktaba ya Bunge. Anayetaka kukichambua kisa hiki asianze na faili la Hildene. Aanze na barua za Bradwell, kisha barua ya Swett, ndipo alifungue faili la mwana. Akifuata mpangilio huo atakutana kwanza na mtu ambaye siku ile ya Mei aliketi mahakamani bila wakili wa kuchagua mwenyewe, na atayasikia aliyotaka kusema kabla ya kusikia yaliyosemwa juu yake.